Fundi Sauti Anajibu: Monita za Masikioni kwa Taarab, Kwaya na Bendi Ndogo

Barua za safari hii zimetoka kwa vikundi vya taarab, kwaya na bendi ndogo za hotelini, na karibu zote zinauliza jambo moja: namna ya kuachana na monita za sakafuni (spika za jukwaani ambazo wapigaji hujisikiliza kwazo) na kuvaa za masikioni bila kuharibu muziki wala masikio. Ambapo tatizo ni la wengi, tumejibu kwa kirefu.

Shikamooni mafundi. Kikundi chetu cha taarab kina watu 11: mwimbaji, waitikiaji wawili, fidla mbili, udi, kanuni, akodioni, besi ya kusimama, dumbaki na rika. Kila tukipandisha monita ili mwimbaji ajisikie, maiki ya kanuni inapiga mluzi. Muuzaji ametushauri tununue seti 11 za monita za masikioni zisizo na waya. Je, ndiyo njia?
*Kiongozi wa kikundi, Unguja*

Marahaba, kiongozi. Msinunue seti 11. Wazo la kuondoa monita za sakafuni ni zuri, kwa sababu kanuni ni sanduku jembamba lenye nyuzi zipatazo 78, na daraja lake limekaa juu ya ngozi. Spika ikiwa karibu, ngozi ile inatikisika, maiki inaudaka mtikisiko, spika inaurudisha, na mluzi unaanza. Ukiondoa spika umeondoa mzizi wa tatizo.

Lakini seti isiyo na waya ni ya mtu anayetembea. Wapigaji wa taarab wanakaa palepale onyesho zima, na hata wa besi anayesimama hahami. Waya wa mita tano hauwazuii chochote. Waya hauingiliwi na mawimbi, hauhitaji kibali, na bei ya seti moja nzuri ya redio inaweza kuwavisha wapigaji kadhaa. Anayestahili redio ni mwimbaji anayesogea mbele kwa wasikilizaji, na hata yeye asubiri mpaka wengine wote wawe sawa kwa waya.

Hesabu ianzie kwenye mikisa. Mikisa ndogo ya kidijitali kama Behringer XR18 ina njia sita za AUX (njia za kutoa sauti kando na zile za spika kuu), yaani michanganyiko sita ya mono au mitatu ya stirio. Watu 11 hawahitaji michanganyiko 11. Tungeigawa hivi: ya kwanza mwimbaji, ya pili waitikiaji wote wawili, ya tatu fidla zote mbili, ya nne udi na kanuni, ya tano akodioni na besi, ya sita dumbaki na rika. Wanaoshirikiana ni wale wanaohitaji kusikia vitu vilevile.

Kila njia ya AUX iende kwenye amplifaya ya hedifoni. Anayesikiliza peke yake anatosheka na kile kijisanduku cha kuvaa kiunoni chenye kitufe cha sauti. Kwa wanaoshirikiana, chukueni amplifaya yenye matundu manne, kila tundu na kitufe chake. Msigawanye sauti kwa waya wa Y baada ya amplifaya. Visikilizi viwili vya aina tofauti vina ukinzani tofauti: mmoja atapata kelele, mwenzake mnong'ono, na hakuna atakayeweza kujirekebishia.

Sasa jambo linaloharibu maonyesho mengi kuliko ubovu wa vifaa: kila chaneli inayokwenda kwenye AUX lazima iwe imewekwa PRE (ichukuliwe kabla ya kitufe cha sauti ya ukumbi), si POST (baada yake). Ikiwa POST, fundi wa ukumbini akishusha fidla kwa ajili ya wasikilizaji, fidla inashuka pia masikioni mwa mpigaji. Yule mpigaji atakaza uta, fundi atashusha tena, na ndani ya nyimbo mbili kila mtu anapiga kwa nguvu bila kujua kwa nini. Hakikisheni chaneli moja moja, kwa sababu mikisa nyingi huhifadhi mpangilio wa onyesho lililopita.

Utaratibu wa kupima sauti:

1. Punguzeni vitufe vyote vya amplifaya za hedifoni mpaka chini. Washeni mikisa kwanza, amplifaya baadaye, na visikilizi viingie masikioni mwisho kabisa. Kwenye kuzima, fuateni kinyume chake.
2. Wekeni nguvu za kuingilia (gain). Kila ala ipigwe kwa kishindo chake cha juu kabisa, na kipimo cha sauti kwenye mikisa kisimame karibu na desibeli −10.
3. Kila mtu apate kwanza sauti yake mwenyewe peke yake, kwa kiwango cha kustarehesha.
4. Ongezeni ala inayompa tuni. Kwa mwimbaji mara nyingi ni akodioni au kanuni, takribani desibeli 6 chini ya sauti yake.
5. Ongezeni mapigo: dumbaki na besi, desibeli 6 hadi 10 chini.
6. Wengine wote waingie kidogo kidogo, na msimame mara tu mtu anapotambua kuwa wapo. Asiyehitajika kabisa asiwekwe.

Hatua ya sita ndiyo inayowashinda wengi. Mtu akilalamika hajisikii, mkono hukimbilia kumpandisha yeye. Jaribuni kwanza kumshushia wengine.

Na kabla ya yote hayo, pimeni jinsi visikilizi vilivyokaa. Pigeni besi peke yake, kisha kila mtu abonyeze visikilizi vyake taratibu kwa kidole. Besi ikiongezeka ghafla anapobonyeza, sikio halijazibwa: abadilishe ncha, achukue kubwa zaidi, au aache ya silikoni ajaribu ya sponji. Ya sponji inafinyangwa kwa vidole mpaka iwe nyembamba, sikio linavutwa juu na nyuma kwa mkono wa pili, ncha inaingizwa na kushikiliwa kwa sekunde 15 hivi mpaka ivimbe na kujaa. Masikio mawili ya mtu mmoja mara nyingi hayalingani, kwa hiyo saizi ya kati kulia na kubwa kushoto ni jambo la kawaida.

Hamjambo mafundi. Mimi ni mwimbaji. Nikivaa monita za masikioni nasikia sauti yangu kama niko ndani ya pipa, basi natoa ya kushoto naimba na ya kulia tu. Wenzangu wananiambia nisifanye hivyo, ila hawanielezi nifanye nini badala yake.
*Mwimbaji, Mombasa*

Hatujambo, dada. Wenzako wako sahihi, na wewe pia uko sahihi kwamba kuna kitu kimeharibika.

Unapoimba, sauti yako inafika sikioni kwa njia mbili: kwa hewa, na kwa mifupa ya taya na fuvu. Sauti ya mifupa inatikisa kuta laini za mwanzoni mwa tundu la sikio. Sikio likiwa wazi, mtikisiko ule hutoka nje. Ukiliziba mlangoni unabaki ndani, na sauti nzito, hasa chini ya Hz 500, zinavimba. Ziba masikio kwa vidole useme "mmm", utaisikia ilivyo.

Dawa ya kwanza ni kuziba kwa kina zaidi. Kisikilizi kinachokaa mlangoni tu ndicho kinachovimbisha zaidi. Ncha ndefu ya sponji iliyoingia vizuri hupunguza tatizo kwa kiasi kikubwa. Ukifikia kutengenezewa visikilizi vya umbo la sikio lako, mwambie mtaalamu wa masikio anayechukua chapa kwamba wewe ni mwimbaji, na chapa ichukuliwe ukiwa umefungua mdomo na kung'ata kipande cha kuzuia meno. Tundu la sikio hubadilika umbo taya linaposhuka, na chapa ya mdomo uliofungwa itavujisha sauti kila ufikapo kwenye noti ya juu.

Dawa ya pili iko kwenye mikisa. Mwombe fundi aiingize maiki yako kwenye chaneli mbili: moja ya ukumbi, nyingine ya masikio yako tu. Mikisa za kidijitali nyingi hufanya hivyo ndani kwa ndani bila waya wa ziada. Kwenye chaneli ya masikio apunguze desibeli 3 au 4 kati ya Hz 200 na 300, na aongeze riverbu (mwangwi wa kutengenezwa) fupi ya sekunde moja hadi moja na nusu. Kompresa (kibana sauti) kwenye chaneli hiyo iwe kidogo sana au isiwepo kabisa: ukisukuma sauti halafu masikio yasikuoneshe kuwa umesukuma, utazidi kusukuma, na koo litachoka kabla ya onyesho kuisha.

Halafu kuna kitufe chenye alama ya Ø, na hapa ndipo wengi wanapopata nafuu ya papo hapo. Kinageuza wimbi la maiki juu chini. Sauti ya mifupa na sauti ya visikilizi zinakutana ndani ya sikio. Zikienda pamoja zinajaza, zikipingana zinapungukiana na sauti inakuwa tupu. Imba noti moja ndefu ya chini, mtu mwingine abonyeze kitufe hicho na kukiachia mara kadhaa, chagua upande unaosikika umejaa. Kwa kuwa ni chaneli ya masikio peke yake, wasikilizaji hawataathirika.

Ikibaki na ladha ya chuma, uliza kuhusu kuchelewa. Mikisa ya kidijitali huchelewesha sauti kwa takribani milisekunde moja. Maiki ya kidijitali isiyo na waya inaongeza zake, na transmita ya kidijitali ya masikio inaongeza tena. Mpiga fidla anaweza asijue kitu, lakini mwimbaji ana sauti ya mifupa isiyochelewa ya kulinganisha, ndiyo maana yeye hulalamika kwanza. Ikipita milisekunde tatu au nne kwa jumla, badilisheni kifaa kimoja: maiki ya waya badala ya redio huwa ndiyo nafuu ya haraka.

Kuhusu kutoa kisikilizi kimoja: ubongo huunganisha masikio mawili. Ukibakiza moja utataka lipandishwe kwa desibeli kadhaa ili upate ukubwa uleule, na lile lililo wazi linabaki kupokea dumbaki na spika za ukumbi bila kinga. Kwa hiyo masikio yote mawili yanaumia, kila moja kwa njia yake.

Katika taarab mtu huja kututunza tukiwa tunaimba, na ukumbi unaitikia. Nikivaa hizi najiona niko peke yangu chumbani. Nifanyeje?
*Mwitikiaji, Tanga*

Hili lisipuuzwe. Mwimbaji wa taarab anaurefusha ubeti au kuurudia kwa kuusikiliza ukumbi, na akiwa kiziwi kwa ukumbi ameukosa nusu ya muziki wenyewe.

Wekeni maiki mbili ndogo za kondensa kwenye ukingo wa mbele wa jukwaa, kushoto na kulia, zikiwatazama wasikilizaji na kuzipa mgongo spika kuu kadiri inavyowezekana. Zipelekwe kwenye AUX tu. Zikiingia spika kuu mtakaribisha fidibaki, yaani ule mluzi. Kateni sauti zote chini ya Hz 200, kwa sababu huko hakuna makofi wala vigelegele, kuna ngurumo ya spika tu. Anzeni desibeli 12 chini ya sauti ya mwimbaji. Wakati wa wimbo zibaki hapo, katikati ya nyimbo fundi azipandishe.

Msizifunge kule nyuma alikokaa fundi. Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde, kwa hiyo maiki iliyo mita 30 kutoka jukwaani itawaletea muziki wenu wenyewe umechelewa kwa zaidi ya milisekunde 80. Dumbaki itasikika ikipigwa mara mbili. Katika uwanja wa wazi wenye kuta ndefu kama Ngome Kongwe, hata maiki za ukingoni zinahitaji kushushwa kidogo kuliko ukumbini, maana kuta nazo zinarudisha.

Zaidi ya hapo, mpeni kiongozi maiki ndogo yenye swichi ya mguu inayokwenda masikioni tu. "Rudia kiitikio", "ruka ubeti wa tatu", "anakuja mtu kutunza, endeleeni": maneno hayo yakifika bila ukumbi kuyasikia, ule upweke unaondoka upesi.

Nimechomeka visikilizi moja kwa moja kwenye AUX ya mikisa. Sauti ni ndogo, imetawanyika ajabu, kama haina katikati. Kwenye mikisa ya rafiki yangu inatoka sikio moja tu. Visikilizi vimekufa?
*Mpiga gitaa, Arusha*

Havijafa. Tundu la AUX la jeki si la hedifoni hata kama jeki inaingia vizuri. Kwenye tundu lile, ncha ya jeki hubeba sauti na pete hubeba sauti ileile iliyogeuzwa juu chini, ili waya mrefu usidake mngurumo. Jeki ya stirio inaichukulia ncha kuwa ni kushoto na pete kuwa ni kulia, basi masikio yako yanapewa mawimbi yanayopingana. Ndiyo sababu hakuna katikati. Kwenye mikisa ya rafiki yako, pete ina ukinzani tu bila sauti yoyote, hivyo upande mmoja unanyamaza. Na AUX haina nguvu ya kusukuma visikilizi vya omu 16 au 32.

Weka amplifaya ya hedifoni katikati. Ukiwa na mchanganyiko mmoja wa mono, hakikisha swichi yake iko upande wa MONO ili sauti igawanywe masikio yote mawili. Bado ukisikia upande mmoja, angalia waya: jeki yenye mstari mmoja mweusi iliyochomekwa mahali pa jeki ya mistari miwili ndiyo mkosaji wa kawaida.

Tunatumia seti nne za redio. Mchana wakati wa majaribio ni safi kabisa, usiku watu wakijaa zinakwaruza na kukatika. Tumeshabadilisha betri. Tatizo ni nini?
*Fundi mitambo, Dar es Salaam*

Kwanza tujue ni za aina gani. Kama ni zile ndogo za GHz 2.4, jibu ni rahisi: zinagombea hewa na Wi-Fi na Bluetooth za simu zote zilizoingia ukumbini, na miili ya watu inanyonya mawimbi hayo. Kwa chumba kidogo cha watu 30 zinafaa, lakini kwa ukumbi uliojaa hazifai. Na ruta ya mikisa yenu nayo ihamishieni GHz 5, kwa sababu ikibaki 2.4 mnajipiga wenyewe.

Kama ni za UHF, angalieni masafa yaliyoandikwa nyuma ya transmita. Afrika iko katika Kanda ya 1 ya ITU (shirika la kimataifa la mawasiliano), ambako kipande cha MHz 694 hadi 862 kimefunguliwa kwa huduma za simu. Vifaa vya zamani vya masafa hayo bado vinauzwa mitumba kwa bei ya kuvutia. Mchana simu ni chache, vinafanya kazi. Usiku simu zinaanza kuzungumza na minara, vinakwaruza. Hakuna antena itakayoviponya. Chini ya 694, kati ya 470 na hapo, mnashiriki na televisheni za kidijitali, kwa hiyo fanyeni skani mahali penyewe pa onyesho, transmita zenu zote zikiwa zimezimwa, halafu muulize TCRA (mamlaka ya mawasiliano Tanzania) kuhusu kibali cha masafa mnayotaka kutumia. Walioko Kenya waiulize CA, mamlaka ya mawasiliano ya huko.

Vifaa vikiwa vya masafa sahihi na bado vinakatika, tazameni haya. Transmita nne zilizopangwa rafu moja, kila moja na kijiti chake cha antena, zinachafuana: mawimbi yao yanachanganyika na kuzaa masafa mengine yasiyotakiwa. Tumieni kombaina (kifaa cha kuunganisha transmita zote kwenye antena moja) yenye antena moja ya mwelekeo, iliyo juu ya vichwa vya watu, ikiwaona wapigaji bila kizuizi. Iwe mbali na antena za risiva za maiki zisizo na waya, mita tatu au zaidi, la sivyo transmita itaziziba maiki. Chagueni masafa kwa kundi lililopendekezwa na mtengenezaji. Kuyapanga kwa kubahatisha, moja kila baada ya MHz moja, ndiko kunakozaa mgongano. Mwisho, waya wa antena kwenye risiva ya kiunoni uning'inie huru. Ukikunjwa mfukoni au kugandamana na ngozi yenye jasho, umbali wa kupokea unaweza kupungua nusu au zaidi.

Jambo moja la kuwaokolea fedha: transmita moja inaweza kusikilizwa na risiva nyingi kwa wakati mmoja. Wawili wanaotaka mchanganyiko uleule hawahitaji transmita mbili. Seti nyingi pia zina hali ya kupeleka sauti ya mpigaji upande wa kushoto na bendi nzima upande wa kulia, kisha yeye mwenyewe anaamua uwiano kwa kitufe cha kiunoni huku akisikia kwa masikio yote mawili. Kwa bendi yenye AUX chache hali hiyo ni msaada mkubwa.

Baada ya ibada masikio yangu yanavuma mpaka usiku. Nilidhani monita za masikioni ndizo zinazolinda masikio.
*Mpiga ngoma wa kwaya, Kigali*

Zinalinda pale tu zinapoziba masikio vizuri na kusikilizwa kwa sauti ndogo. Kuziba kunazuia kelele ya nje, hivyo huhitaji kuishinda. Ukiziba vibaya unapandisha sauti mpaka uishinde, na spika sasa iko karibu kabisa na ngoma ya sikio.

Taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, imeweka kiwango cha desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zinazoongezeka zinakata muda nusu: 88 kwa saa 4, 91 kwa saa 2, 94 kwa saa moja, 97 kwa nusu saa, 100 kwa dakika 15. Ibada ya saa tatu kwa 94 imekwishapita mpaka mara tatu. Masikio kuvuma ni dalili kwamba yameumizwa, hata kama uvumaji huo unaisha asubuhi. Ukiendelea siku ya pili, au sauti za watu zikawa kama zimefifia, nenda kwa daktari wa masikio usingojee.

Jukwaani: weka limita (kizuizi cha sauti kubwa ya ghafla) kwenye kila AUX ya masikio, uwiano mkubwa kabisa uliopo, mwanzo wa haraka kabisa, kizingiti desibeli 6 tu juu ya kiwango chenu cha kawaida. Maiki ikianguka, au mtu akichomoa jeki ya gitaa bila kuzima chaneli, mshindo unaishia hapo. Bila limita asivae mtu. Pia anza kila ibada kitufe kikiwa chini kuliko wiki iliyopita. Baada ya nyimbo mbili ubongo unazoea na hutatamani kupandisha. Kama wewe ni mpiga ngoma unayetaka kuuhisi mdundo, tafuta kitetemeshi cha kufunga chini ya kiti. Kinakupa uzito wa besi mwilini, na masikio yanabaki salama.

Salaam aleikum. Udi wangu una pikapu chini ya daraja. Kwenye spika unavumilika, ila masikioni unalia kiplastiki, hauna mwili. Nibadilishe pikapu?
*Mpiga udi, Muscat*

Waaleikum salaam. Usibadilishe bado. Visikilizi vinaonesha kila kasoro ambayo spika na ukumbi vilikuwa vinaificha.

Pikapu ya piezo isiyo na betri inahitaji kuingia kwenye ukinzani wa megaomu 1 au zaidi. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye mikisa ya kiloomu 10 au 20, sauti nzito zinapotea na unabaki na ule mlio mwembamba. Nunua kisanduku cha DI (cha kuunganisha pikapu na mikisa) cha aina ya aktivu, yaani chenye umeme wake, soma ukinzani wake kabla ya kulipa. Kisha punguza desibeli 3 hadi 5 mahali fulani kati ya kHz 1.5 na 3: pandisha kwanza, zungusha mpaka usikie pale panapochoma zaidi, halafu shusha palepale. Ukikata sauti nzito, mkato usipande juu ya Hz 60, maana uzi mzito wa udi unakaribia hapo.

Kwa kuwa huna tena spika ya sakafuni, una nafasi uliyokuwa huna: weka maiki ndogo ya kondensa sentimita 20 hadi 30 mbele ya udi, ikielekea kati ya tundu na daraja. Masikioni mwako iwe maiki nyingi na pikapu kidogo, ukumbini waweza kuwa kinyume. Sauti inaifikia maiki ikiwa imechelewa karibu milisekunde moja nyuma ya pikapu, basi jaribu kuichelewesha pikapu kiasi hicho, au bonyeza Ø kwenye chaneli ya maiki na uchague upande wenye mwili.

Kisikilizi changu cha kulia kimekuwa dhaifu tangu msimu wa mvua. Kimeharibika?
*Mpiga akodioni, Pemba*

Mara nyingi ni nta ya sikio au unyevu. Vua ncha, tazama mdomo wa kisikilizi kwenye mwanga. Kama wavu umejaa nta, uelekeze chini ili uchafu uanguke nje, usugue kwa brashi kavu laini. Usiingize sindano, usipulize kwa mdomo, usitumie maji. Vyenye kichujio cha kubadilisha, badilisha. Kisha viweke usiku kucha kwenye kikopo kilichofungwa pamoja na vipakiti vya silika, na kwenye hewa ya chumvi ya pwani fanya hivyo baada ya kila onyesho.

Bado dhaifu? Kama waya unachomoka, hamisha waya wa kulia uuchomeke kisikilizi cha kushoto. Udhaifu ukihamia kushoto, nunua waya peke yake. Ukibaki kwenye kisikilizi kilekile, spika yake ya ndani ndiyo imechoka, na hicho kipelekwe kwa fundi.